Kabla hujanipa WACC (wastani wa gharama ya mtaji), niambie namba umeitoa wapi

Kila ukifika msimu wa fildi, simu yangu hujaa ujumbe unaofanana: "Shikamoo madam. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa fedha, nimebakiza tasnifu tu. Naomba unishike mkono nipate nafasi benki." Wengine huambatanisha CV ya kurasa nne, picha ya joho juu kabisa. Nami huwajibu wote jibu moja: nitumie kazi yoyote uliyofanya yenye hesabu ndani yake, kisha chagua namba moja, yoyote unayoipenda, unieleze umeitoa wapi.

Wengi hawarudi tena.

Mimi niko upande wa mikopo kwenye tawi la benki hapa Tanga mjini. Nilianzia Dar, kwenye chumba cha hazina cha benki nyingine, kule wanakonunua na kuuza dola na dhamana za serikali, na uzamili wanaousoma hawa vijana nami niliusoma, jioni baada ya kazi, macho yakiniwasha kwa usingizi. Siku hizi Jumamosi asubuhi baraza la nyumba yetu Chumbageni hugeuka darasa. Huja vijana wa hapa wanaosoma Dar, Morogoro na Dodoma wakiwa likizo, na wengine ambao tayari wameajiriwa lakini wanajiona wamekwama. Ada hakuna. Kuna chai ya rangi, mihogo, na mabishano. Sisi watu wa Waja Leo kukaa barazani hatufundishwi, nikaona basi bora tukae na Excel.

Kuna wimbo unaoimbwa kila kongamano la elimu: vyuo vyetu vina nadharia nyingi, vitendo vichache. Siuimbi. Nadharia ya fedha si nyingi, na mhitimu anayeielewa sawasawa ni adimu kuliko watu wanavyodhani. Shida ninayoiona mimi ni nyingine. Mwanafunzi anafika mwisho wa uzamili akiwa hajawahi hata mara moja kuitetea namba mbele ya mtu ambaye namba hiyo ikiwa ya uongo, hela yake inapotea. Ameitetea mbele ya mhadhiri, naye mhadhiri alichoangalia ni kama fomula imefuatwa.

Nichukue beta, kipimo cha jinsi hisa inavyoyumba soko zima likiyumba. Kijana mmoja, mwenye akili kweli, alituletea tathmini ya Tanga Cement. Alichagua kampuni ya nyumbani, nikafurahi. Kiwanda kiko Pongwe, moshi wake anaujua tangu mtoto, na hisa zake ziko Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu mwaka 2002. Alikuwa amechukua bei za kila siku, akazilinganisha na faharisi ya soko, akaendesha rigresheni (hesabu ya kupima uhusiano wa hivyo viwili), akapata beta ya karibu na sifuri. Akaiweka hivyo hivyo kwenye CAPM, fomula ya kukadiria faida anayoidai mwenye hisa kwa hatari aliyoibeba, na kusonga mbele. Gharama ya mtaji wa wanahisa ikatoka juu kidogo tu ya riba ya dhamana ya serikali, na thamani ya kampuni ikapaa.

Nikamuuliza: kwa hiyo kiwanda cha saruji, chenye tanuri, makaa, malori, washindani na wateja wanaoacha kujenga mara tu mambo yakiwa magumu, kina hatari ndogo karibu sawa na Serikali kukulipa riba yako?

Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini madam, ndivyo data inavyosema."

Data haikusema hivyo. Soko letu lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja, TOL, na mpaka leo hisa nyingi hupita siku bila mtu kuzinunua wala kuziuza. Siku ambayo hakuna biashara, bei iliyoandikwa ni ile ile ya juzi, kwa hiyo badiliko ni sifuri. Ukijaza safu yako sifuri nyingi, uhusiano na faharisi unafifia, beta inashuka. Umepima ukimya wa soko ukadhani umepima hatari ya biashara. Na kwa kampuni hii kuna jambo la ziada: mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Scancem, kampuni iliyo chini ya Heidelberg, inataka kununua asilimia 68.33 ya hisa. Mwaka 2022 Baraza la Ushindani likazuia. Mwaka 2023 mpango ukakamilika. Na mwaka 2024 Amsons nao wakaingia kununua. Mwenye hisa wa kipindi hicho alikuwa anasoma habari za mawakili, na bei ilikuwa inasikiliza hizo hizo. Beta itayajuaje?

Dawa zake zinajulikana, na zote zimo vitabuni. Tumia mabadiliko ya wiki au ya mwezi badala ya siku. Tumia njia ya Dimson ya mwaka 1979, inayoingiza pia mwenendo wa soko wa siku zilizotangulia na zinazofuata, kwa ajili ya hisa zinazouzwa kwa kusuasua. Au azima beta za kampuni za saruji za masoko yenye pilikapilika zaidi, uvue athari ya madeni yao kwenye beta hizo, uvishe ya madeni ya kampuni yako. Wanafunzi wengi huenda moja kwa moja kwenye majedwali ya Damodaran, profesa wa fedha wa New York, ambayo huyahuisha kila Januari na kuyaacha wazi kwa kila mtu. Sina ugomvi nayo. Ila uniambie wastani huo ni wa kampuni za wapi, zina madeni kiasi gani, na kwa nini unadhani Pongwe inafanana nazo. Ukiniambia hivyo, hata nikikataa jibu lako, nitakuajiri.

Ndugu ya beta ni riba isiyo na hatari. Hapa nimeona mambo. Mtu ana makadirio ya mapato kwa shilingi, yamebeba mfumuko wa bei wa shilingi, halafu anayapunguza, yaani anayarudisha kwenye thamani ya leo, kwa riba ya dhamana ya Marekani ya miaka 10 kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye mfano wa kitabu. Fanya hesabu ndogo uone ukubwa wa balaa. Shilingi milioni 100 kila mwaka bila kukoma, ukizipunguza kwa asilimia 8, zina thamani ya bilioni 1.25. Zipunguze kwa asilimia 18, zinabaki milioni 555. Mradi ni ule ule, mwenye mradi ni yule yule, ila wewe umemtoa kwenye ubilionea kwa kubadilisha seli moja.

Na riba za nyumbani zenyewe hazikai. Mwaka 2021 Benki Kuu ilianza kuuza hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95. Aprili 2022 riba ya muda huo huo ikashushwa kuwa 12.56. Januari 2024 Benki Kuu ikahamia mfumo wa kuongoza sera ya fedha kwa riba yake yenyewe, ikaanzia asilimia 5.5, Aprili ikapanda kuwa 6, na Julai 2025 ikashuka kuwa 5.75. Matokeo ya kila mnada yako kwenye tovuti ya Benki Kuu, bure, huhitaji mtu wa kukushika mkono. Hata hivyo napokea modeli za mwaka huu zenye riba ya mnada wa miaka mitatu nyuma, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye tasnifu ya mwanafunzi aliyetangulia, na yeye aliitoa kwa aliyemtangulia.

Mwaka 2024 tulipata bahati ambayo mji wa ukubwa wetu haupati mara nyingi. Tanga UWASA, mamlaka yetu ya maji, ilikuja na hatifungani ya kijani, yaani ya kugharimia miradi rafiki kwa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5, na wanunuzi wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Ikaorodheshwa Soko la Hisa. Yaani bomba linalopita nyuma ya nyumba yako limekuwa mfano wa darasani. Nilidhani kila mwanafunzi wa fedha anayetoka Tanga angekuwa ameusoma waraka wake wote. Walikuwa wameona picha za uzinduzi.

Nikamwita mama yangu mdogo, mwalimu mstaafu, aje akae nasi Jumamosi moja. Yeye kiinua mgongo chake alikiweka kwa namna mbalimbali na ana maswali kuliko afisa wa kodi. Kazi ya darasa ikawa moja tu: mshawishini anunue hatifungani ya miaka 10 ya riba 13.5, au mmwambie asinunue, lakini mjibu maswali yake.

Wakaanza vizuri. Wakaeleza kuponi, ile riba inayolipwa kila kipindi, wakaeleza mtaji unavyorudi. Akawasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Haya wanangu. Mwaka wa tatu nimeumwa, nataka hela yangu. Napata ngapi?"

Kimya. Mmoja akaanza kuzungumzia ukwasi wa soko la upili, mama mdogo akamkatisha: "Nimekuuliza ngapi."

Swali hilo ndilo somo zima la wiki nne za masomo ya hatifungani. Inategemea siku hiyo wanunuzi wanataka riba gani, na kama mnunuzi yupo kabisa. Tulianza na hesabu ya siku ya kwanza ili ieleweke: hatifungani ya miaka 10 inayolipa 13.5, mtaji wote unarudi mwisho, soko likaamua ghafla kwamba linataka 15. Kila shilingi 100 uliyoweka inauzika kwa 92 na ushei. Wakaipata, kila mtu kwenye kompyuta yake. Kisha tukasogeza hadi mwaka wa tatu, ikabaki miaka saba, wakaona jinsi pengo linavyopungua kadiri mwisho unavyokaribia. Mama mdogo akaandika namba zote kwenye daftari lake la mistari mikubwa. Akauliza la pili: "Na hiyo riba wanailipa kwa hela gani?"

Kwa bili za maji, bila shaka. Basi darasa likahama kutoka kwenye fomula likaingia kwenye biashara yenyewe. Bei ya maji haipangwi na mamlaka ipendavyo, huidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Maji yanayozalishwa si yote yanayolipiwa: mengine huvuja, mengine huibiwa, mengine yanafika kwa mteja asiyelipa. Taasisi za umma nazo zina mita, na kila aliyewahi kudai taasisi anajua subira yake. Hayo yote ukiyaweka pamoja unapata swali moja la mchambuzi: baada ya umeme, dawa za kutibu maji na mishahara, kila shilingi moja ya marejesho imefunikwa na shilingi ngapi za mapato? Binti mmoja wa Muheza akaja na jedwali lenye hali tatu: upotevu wa maji ukibaki ulivyo, ukipungua, ukiongezeka. Kila namba aliiwekea pembeni chanzo chake, ukurasa na mwaka. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo chuoni. Alisema amechoka kuulizwa na mimi.

Kama mama mdogo alinunua au hakununua ni siri yake. Mimi mwenyewe hajaniambia.

Huyo binti wa Muheza ndiye niliyemchukua fildi, na hapa ndipo nilipoona tofauti inavyoonekana kazini. Kulikuwa na ombi la mkopo la mzee mmoja mwenye chombo cha ringneti (wavu wa kuzungusha), anavua dagaa, anashusha pale Deep Sea. Alitaka injini na nyavu mpya. Nikawatuma vijana wawili wakazungumze naye, yule binti na kijana mmoja aliyekuwa amemaliza uzamili Dar kwa alama za juu.

Kijana alirudi mapema, na modeli yake safi, yenye rangi. Mauzo ya usiku mmoja shilingi 1,200,000. Mafuta na matumizi mengine 300,000. Faida 900,000. Kuzidisha kwa siku 26 za kazi kwa mwezi. Kwa hesabu hiyo mzee alikuwa tajiri kuliko meneja wa tawi, na mkopo angeumaliza kabla injini haijapoteza harufu ya dukani.

Binti alirudi jioni, kanga ikinuka dagaa. Alikaa na wale mama wanaonunua, wanaochemsha na kuanika. Aliwasalimu mabaharia mmoja mmoja, akangoja hesabu ya chombo ifanywe mbele yake. Ndipo akaona kwamba ile 900,000 si ya mzee. Ikitolewa gharama, kinachobaki hugawanywa, nusu ya chombo, nusu ya nahodha na mabaharia. Ya mzee ni 450,000, na humo ndimo anamotoa fundi wa nyavu na spea za injini. Pato halisi lilikuwa nusu ya lile la modeli yenye rangi, tena kabla ya matengenezo.

Na siku 26 hazipo. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikipevuka, taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, chombo hulala pwani na mabaharia hukaa kucheza bao. Mzee alimwambia maneno ambayo aliyaandika kama yalivyo kwenye ripoti yake: "Mwanangu, mimi silipi vibaya. Ila tarehe yenu haiujui mwezi."

Fikiri kidogo jambo hili. Mwezi wa angani ni siku 29 na nusu. Sisi tunadai tarehe 28 ya kalenda ya ukutani. Kwa hiyo rejesho linaangukia mara katikati ya giza, hela ipo, mara siku chache baada ya mbalamwezi, hela ilishaliwa nyumbani. Kwenye mfumo wetu anaonekana mtu wa kuchelewa kila baada ya muda, na hakuna anayejua kwa nini. Chini ya IFRS 9, kanuni ya kimataifa ya uhasibu iliyoanza kutumika mwaka 2018, mkopo ukipitisha siku 30 bila kulipwa huchukuliwa kuwa hatari yake imeongezeka sana, unaingia hatua ya pili, na tengo la hasara tunayoitarajia linapanda kutoka la miezi 12 kuwa la maisha yote ya mkopo. Siku 90, umeshaitwa chechefu. Hawa vijana IFRS 9 wanaikariri yote, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lakini kuunganisha hatua ya pili na mbalamwezi ya Deep Sea, hilo halimo kwenye mtihani wowote niliowahi kuuona.

Binti akachukua kalenda ya mwezi ya miaka miwili, akapanga tarehe za marejesho ziangukie mwisho wa kila giza, viwango vidogo msimu wa kusi ambapo bahari huchafuka, vikubwa kidogo msimu wa kaskazi. Mfumo wetu unakubali ratiba isiyo sawa, ila lazima tarehe ziingizwe kwa mkono moja moja, kazi ambayo maafisa wengi huikwepa. Kwenye kamati ya mikopo mjumbe mmoja akauliza kwa kebehi kidogo, "Hizi tarehe zako umezitoa wapi?" Akafungua kiambatisho. Mkopo ulipitishwa kwa kiasi kidogo kuliko kilichoombwa, kwa sababu pato lenyewe lilikuwa dogo kuliko lililodhaniwa, na mzee hakununa. Alisema kwanza aliomba zaidi akijua tutapunguza.

Yule kijana wa modeli yenye rangi si mjinga, na sitaki mtu asome hapa akadhani namcheka. Mwambie akokotoe bei ya opsheni (haki ya kununua au kuuza baadaye kwa bei iliyopangwa), atakutolea kabla chai haijapoa. Aliyemkosea ni mfumo uliompa alama za juu kwa miaka miwili bila kumuuliza swali alilouliza mjumbe wa kamati.

Nikifika hapa wahadhiri marafiki zangu hukasirika, basi niseme la kwao. Madarasa ya jioni yana watu wengi, usahihishaji hauishi, mshahara mnaujua wenyewe. Lakini tasnifu, jamani. Kwa nini bado tunatoa uzamili wa fedha kwa dodoso? "Athari za usimamizi wa mikopo katika ufanisi wa benki za biashara," watumishi hamsini wa tawi wanaulizwa kama wanakubali sana, wanakubali, hawana uhakika, hawakubali, hawakubali kabisa. Nimezijaza hizo fomu mwenyewe, nyingine wakati nangoja mtandao urudi. Unachopima pale ni hali yangu ya moyo siku ya Alhamisi. Benki zote nchini zinatakiwa kuchapisha taarifa za fedha kila robo mwaka, gazetini na tovutini: amana, mikopo, mikopo chechefu, faida. Miaka kumi ya robo mwaka kwa benki zote ni data ambayo mwanafunzi wa nchi nyingine angeililia. Iko pale, hakuna kibali cha utafiti kinachohitajika, hakuna barua ya kupeleka masijala. Kinachohitajika ni uvumilivu wa kuichapa, kwa sababu nyingi ziko kwenye PDF zilizopigwa skani zikiwa zimepinda.

Ningekuwa na madaraka, ningeondoa dodoso kwenye fedha, na ningeweka mtihani wa mdomo wa dakika ishirini juu ya modeli uliyoijenga mwenyewe. Mkaguzi anaweka kidole kwenye seli yoyote. Basi.

Kuhusu vyeti, swali ninaloulizwa kuliko yote: madam, nifanye CPA au CFA? Jibu fupi ni kwamba angalia kiti unachokitaka. Ukitaka kuandaa hesabu, kukagua, siku moja kusaini, CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, ndiyo lugha ya nchi hii na hakuna njia ya mkato. Ukitaka benki kwa maana ya benki, Taasisi ya Mabenki ina cheti chake. CFA ni ya uchambuzi wa uwekezaji: ngazi tatu, na ukimaliza mitihani bado unadaiwa saa 4,000 za kazi inayohusika, ndani ya muda usiopungua miezi 36. Ngazi ya kwanza wanaofaulu kwa kawaida hawafiki nusu ya waliokaa. Tangu 2024 wenyewe wameongeza moduli za vitendo, kama kujenga modeli za fedha na Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), ambayo kwangu ni ishara kwamba hata huko waliona mitihani peke yake haitoshi. Ada zake ni za dola, kwa hiyo kabla hujajiandikisha jiulize hicho kiti kiko wapi. Viti vya uchambuzi wa uwekezaji nchini ni vichache: mifuko ya hifadhi ya jamii, UTT AMIS inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, madalali wa Soko la Hisa, vyumba vya hazina vya benki kubwa, na karibu vyote viko Dar. Mwenye nia ya kubaki Tanga atakutana zaidi na mikopo: mkonge, saruji, maziwa, bandari, samaki, na sasa kazi zinazozunguka bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani.

Sioni aibu yoyote kwenye mikopo. Kuna dharau fulani ya wahitimu wa uzamili, kwamba afisa mikopo ni mtu wa pikipiki na kofia ngumu, kazi ya diploma. Hao wa pikipiki ndio wanaojua kwamba chombo kina nusu yake na mabaharia wana nusu yao.

Jumamosi ijayo tunaingia kwenye mkonge. Mmea unakaa kama miaka mitatu ndipo ukatwe mara ya kwanza, kisha unaendelea kukatwa miaka mingi, na mkulima mdogo anaomba mkopo ambao kwa kawaida huanza kudaiwa mwezi unaofuata. Nimemwomba mkulima mmoja wa Korogwe aje na daftari lake la gharama, la kweli, lenye palizi ya kila mwaka na nauli za trekta. Kazi yenu ni kuniambia riba ya hiyo miaka mitatu nani anaibeba, na kwa hela gani. Saa tatu kamili. Kompyuta zije zimechajiwa. Umeme wa Jumamosi siuahidi. Na atakayekuja na beta ya katani ajiandae.